Keki Kala Yeye, Mbona Mmekabwa Nyie?

Leo sina gauni la nani wala ndoa ya nani imevunjika. Leo nina jambo moja limenikaa hapa kooni tangu Jumapili, na nisipolitema nitaumwa.

Mmeziona zile picha. Msijifanye hamjaziona, maana kwenye magrupu ya Kariakoo zimezunguka kuliko tangazo la msiba. Binti mmoja, mtoto wa Mchafukoge, yuko Marekani anafundisha Kiswahili chuo kikuu. Jina sitaji, chuo sitaji, na wewe unayemjua funga bakuli lako. Katimiza miaka 29. Rafiki zake wakamkusanyikia kwenye kijisebule cha mmoja wao, wakawasha mishumaa, akaipuliza, akacheka, akapigwa picha na khanga yake kiunoni. Basi. Habari nzima ndo hiyo. Hakuna boti, hakuna farasi mweupe, hakuna msanii aliyelipwa kuja kumwimbia.

Povu lililofuata sasa! Ungedhani kaiba sadaka. Mmoja kaandika, "Mama anakaanga bagia, mwana anakata keki." Mwingine, "Hela ya kutuma hana, ya keki anayo." Akaja mwalimu wa mila na desturi: "Sisi Waswahili hatuna mambo ya bethdei." Akafuata mchumi: "Kiswahili unafundishaje Marekani, si bora angeenda kusomea kitu cha maana?" Na mwisho kabisa, ile iliyonichefua kuliko zote: "Huyo mzungu aliyemshika bega ni nani?"

Nimekaa nimezisoma zote. Nimeamua kujibu moja moja, na mwenye hoja anijibu kwa hoja. Mwenye matusi abaki nayo, yatamsaidia uzeeni.

Tuanze na hela, maana najua ndo inayowauma. Sisi ni watu wa Kariakoo, hesabu tunazijua. Angalieni ile picha ya mezani vizuri. Keki moja, ya duara, haina ghorofa, haina sura ya mtu. Pembeni kuna sufuria ya wali mwekundu, huo ni wa yule Mnigeria. Kuna mkate wa Mturuki. Kuna mchuzi wa karanga wa dada wa Indonesia. Halafu kuna chapati na maharage ya nazi, na hizo hata usiniulize kazipika nani. Kila mtu kaja na chungu chake. Mwenye shughuli kanunua keki na soda. Kwa nchi ile hiyo ni gharama ya mtu kula hotelini mara moja na rafiki yake.

Sasa njoo kwetu. Bethdei moja ya mjini hapa, ya mtoto wa mwaka mmoja ambaye hata kutembea hajui, inaundiwa kamati. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, na kadi za mchango: ya mtu mmoja bei yake, ya wawili bei yake. Kuna sare ya kushona. Kuna ukumbi, mshereheshaji, mpambaji na mpiga picha wa kurusha kamera angani. Usipochanga unasemwa kwenye grupu mchana kweupe, jina lako limeachwa wazi kwenye orodha kama jino lililong'oka. Na mtoto mwenyewe kalala tangu saa moja. Hiyo hatuioni ufujaji. Hiyo tunaiita shughuli.

Mnaomsema leo, wangapi walimchangia alipokuwa anahangaika kuondoka? Koti lake la baridi kalinunua mtumba, Karume, kalifua mara tatu, kaondoka nalo. Hakukuwa na kamati. Hakukuwa na kadi ya mmoja wala ya wawili. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe utajiri. Kwake hamkutoa, sawa, hakuna anayewadai. Ila asiyetoa mbegu asije kusimamia mavuno.

Hili la pili, la mila. Eti bethdei si yetu. Mtu anaandika hivyo huku picha yake mwenyewe kalowa chapachapa, kamwagiwa ndoo mbili za maji na unga juu, kaandika "asanteni ndugu zangu kwa kunioshea mwaka mpya." Hebu tuheshimiane. Mji huu bethdei tumeshaichukua na kuipa mila yetu wenyewe. Ofisini unamwagiwa, gereji unamwagiwa, sokoni unamwagiwa, na ukijaribu kukimbia unakamatwa na watu ambao hata hujui wameambiwa na nani. Na sisi wa Mchafukoge ndo tusiseme kabisa, maana jina la mtaa wetu lenyewe ukilisikia ni kama mtu anaamrishwa: mchafu, kaoge!

Na tukitaka kwenda mbali zaidi ya ndoo, pwani hii haijawahi kulichukulia jambo la kuzaliwa kama dogo. Mtoto akizaliwa anahesabiwa siku, akifika arobaini anatolewa nje, ananyolewa, watu wanakula. Maulidi ya kuzaliwa Mtume yamesomwa hapa vizazi na vizazi, tangu Lamu mpaka Unguja mpaka mitaa hii ya kwetu. Wakristo wana Krismasi yao. Mwaka 2022 taifa zima lilikumbuka miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Silinganishi utukufu, msinipakazie. Ninachosema ni kwamba kukumbuka siku mtu alipoingia duniani tumekujua kabla keki haijashuka bandarini.

Tena sikilizeni na hili. Kwa Kiswahili mama "anajifungua." Yeye ndo mwenye kifungo na yeye ndo anayekifungua. Mtoto ye "anazaliwa" tu, hana alichofanya. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa ina wenyewe wawili, na wa kwanza ni mama. Yule binti analijua hilo kuliko nyie, kazi yake ndo hiyo, kuwaeleza watu wa watu kwamba zaa, zaliwa, mzazi, kizazi, uzazi na mazao ya shambani ni ndugu wa tumbo moja. Na kabla hajapuliza mshumaa wowote alimpigia mama yake. Hilo halikupigwa picha, ndo maana hamlijui.

Sasa hapa kuna hesabu nyingine ya saa. Pwani ya mashariki ya Marekani, majira ya baridi, iko nyuma yetu saa 8. Ikigonga saa sita usiku huku, siku yako ya kuzaliwa imeanza Dar, kule bado ni saa kumi jioni ya jana yake. Uko njiani unatoka darasani, giza linaingia, theluji hii hapa. Simu inalia "hongera, hongera" kwa siku ambayo kwako haijafika. Halafu ikifika kweli, saa sita yako ya usiku, hapa ni saa mbili asubuhi, kila mtu yuko kwenye daladala au kashafungua duka, hana muda na wewe. Wenzako wa nyumbani wamekupongeza mapema, na wakati unawahitaji hawapo. Waliopo ni wale waliokuja na vyungu vyao.

Mnajua maisha ya mwalimu wa lugha ugenini yakoje? Ipo mipango kadhaa. Wa Fulbright, kwa mfano, una kipengele cha kuwapeleka vijana kutoka nje kufundisha lugha zao kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9. Unafundisha, na wewe mwenyewe unasoma masomo pale pale chuoni. Unapewa posho ya kujikimu. Posho, ndugu zangu, si mshahara wa mcheza mpira. Mwaka ukiisha unatakiwa urudi kwenu. Sisemi binti wetu yuko mpango gani, sitaki mumfuate huko. Nasema hivi ili mjue kwamba "yuko Marekani" si neno moja lenye maana moja. Yuko Marekani mwenye nyumba tatu, na yuko Marekani anayepanda basi na kupiga hesabu ya mboga.

Anaingia darasani. Mbele yake kuna vijana kumi au kumi na tano. Mmoja bibi yake ni wa Kenya na hajui kumsalimia. Mmoja anataka kwenda Goma kufanya kazi ya misaada. Mmoja kachagua Kiswahili kwa sababu ratiba ilikuwa wazi. Hao wote inabidi uwatoe kwenye "jambo" ya watalii uwafikishe kwenye "shikamoo" na sababu yake. Uwaeleze kwa nini mtu anauliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya kuuliza alichofuata. Ni kazi ngumu, na jioni unarudi kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kukuuliza hata habari moja kati ya hizo.

Huyo ndo mnamuuliza kwa nini kakaa na marafiki siku ya bethdei yake. Mlitaka akae na nani? Na jokofu?

Nije kwa yule mchumi, anayesema Kiswahili si kitu cha maana. Kila tarehe 7 Julai mnavaa batiki mnakaa kwenye kumbi mnapiga makofi. Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliitangaza mwaka 2021. SADC walikubali Kiswahili mwaka 2019. Umoja wa Afrika nao mwaka 2022. Kila hotuba inasema Kiswahili ni bidhaa, Kiswahili ni ajira, Kiswahili kinapaa. Kinapaa na nini, mabawa? Kiswahili kinabebwa na watu. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, kafundisha Leipzig miaka mingi. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar kafundisha Osaka, kafundisha Bayreuth. Profesa Farouk Topan kafundisha London. Na nyuma ya majina hayo makubwa wapo wasaidizi wengi, vijana wasiojulikana, wanaosahihisha madaftari usiku na kufundisha watu kutamka "ng'ombe." Huwezi kupiga makofi Julai halafu Februari ukamtukana mbebaji mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengine mtanikasirikia, na mkasirike tu. Mwaka huu huu, kwenye ukurasa huu huu, tumeona bethdei za mastaa wetu. Mmoja alikodi boti. Mmoja alijaza ukumbi maua, na wasemao wanasema mpambaji mpaka leo anadai. Mmoja alipewa gari laivu, watu wakalia machozi, na wiki mbili baadaye gari likaonekana limerudi kwenye yadi ya kuuzia. Majina sitaji, mnayajua. Mliwaandikia nini? "Hongera mamii." "Umependeza malkia." "Mungu akuzidishie." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama yake staa anakaanga nini. Hakuna aliyeuliza kama ada za wadogo zake zimelipwa.

Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa keki. Keki ya deni mnaibariki. Inayowakera ni keki ya mtu mnayemfahamu, aliyekaa bomba moja la maji na nyie, mliyemzoea akiwa na madumu, leo anacheka mbele ya kamera bila kuwaomba ruhusa. Staa mmeshamkubali kwamba yuko juu, mnamwangalia kama televisheni. Huyu wa jirani akipanda hata ngazi moja mnahisi kawakanyaga.

Na yule mama sasa. Hapa nitasema taratibu.

Mama yule ana karai lake na benchi lake, miaka na miaka. Bagia zake wanazila makuli, wanazila wenye maduka, wanazila makarani wanaoshukia Mnazi Mmoja asubuhi. Karai hilo ndo lililolipa ada, likalipa nauli ya daladala mpaka chuo, likanunua na hilo koti la mtumba. Nimepita hapo juzi, benchi limepinduliwa ukutani. Nikamkuta barazani kakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sijapika."

"Kulikoni, unaumwa?"

"Siumwi. Watu wanakuja wananiomba keki."

Basi. Hakuongeza neno. Siku tatu jiko halijawashwa. Binti naye kafuta picha zote, kamwambia mama yake hataweka tena, na kaomba radhi. Anaomba radhi kwa lipi? Kwa kuzaliwa?

Nyie mlioandika "mama anakaanga bagia" mlidhani mnamtetea mama. Mama hakuomba wakili. Mmechukua kazi yake ya halali mkaigeuza tusi la kumpigia mwanawe, na katika kumtetea mmemlaza njaa siku tatu. Mwanawe hajawahi kumfanya hivyo. Hela yake ndogo inafika kila mwezi kwa simu, na mama anazo meseji. Kama mlitaka kujua mngeuliza. Ila kuuliza hakunogi kama kutukana.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini wapo wanaoenda huko wakasahau kwao kabisa." Wapo. Nawajua. Wapo wazee wamekufa mtaani kwetu wakisubiri simu ambayo haikupigwa. Wapo pia wanaopiga picha na magari ya watu, wanatudanganya maisha wasiyokuwa nayo, halafu ndugu zao huku wanaanza kukopa kwa kumtegemea. Hao wana kesi, na siku yao ikifika nitawaandika mimi mwenyewe. Ila kesi ya mtu haihukumiwi kwa picha ya mtu mwingine. Na kipimo cha kumsahau mama si keki. Mtu anaweza asile keki maisha yake yote na akamsahau mama yake vizuri kabisa.

Limebaki la mwisho. "Huyo mzungu aliyemshika bega ni nani?"

Hili nataka nilijibu kwa kisa cha kweli, maana si mara ya kwanza mwalimu wetu wa Kiswahili ugenini kuulizwa hivyo. Alikuwepo mtu wa pwani hii hii akiitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi, elimu yake ya dini kaipatia Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa Wajerumani wanaojiandaa kuja kufanya kazi huku kwenye koloni lao. Yaani mwalimu anamfundisha mtu lugha ya kuja kumtawala ndugu yake, na baadhi yao darasani wanamdharau kwa sababu ni mweusi. Kitabu kinachoitwa Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, sehemu kubwa ni maandishi ya Mtoro: mtoto anavyozaliwa, anavyolelewa, harusi, ngoma, maradhi, vyote. Mkitaka kujua mila zetu za zamani, mtaziokota kwake.

Mwaka 1904 Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli kurudi nyumbani, na serikali ya kikoloni ikakataa mke asishuke. Mwafrika kuja hapa na mke mzungu, halali kwa ndoa! Swali la wakubwa lilikuwa lile lile lenu: huyo mzungu uliyeshikana naye ni nani? Wakageuza. Mtoro akarudi Ujerumani na mkewe, akaishi huko, na huko akafariki mwaka 1927. Mtu aliyeandika desturi zetu zote hakupewa nafasi ya kuishi kwenye desturi zake na mtu aliyemchagua.

Sasa mkoloni alikuwa na sababu zake za kikoloni, tunazijua na tunazilaani. Nyie mna sababu gani? Mwaka huu, mtu wa Kariakoo, mwenye simu ya mkononi na bando, anasimama pale pale aliposimama yule ofisa wa bandarini na kumwuliza binti wa watu swali lile lile. Kwa taarifa yenu, yule mzungu ni mwanafunzi wake wa mwaka wa pili, mama wa watoto wawili, na kwenye ile picha alikuwa anamwambia "hongera, mwalimu." Na hata kama angekuwa mchumba wake, yangekuwahusu nini? Mngempikia?

Nifunge na jina la mahali petu, maana nadhani tumelisahau. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliwekwa kambi pale. Walikuwa watu wetu, walibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna aliyewauliza wanaitwa nani, wamezaliwa lini, wanapenda kula nini. Mpagazi alikuwa kichwa cha kuwekea mzigo.

Sisi tunaoishi kwenye jina hilo tumekuja kuwa na wapagazi wetu. Kila aliyepo nje tumemwekea mzigo kichwani: tuma ada, tuma ya bati, tuma ya msiba, tuma simu. Akituma kimya. Akichelewa, kasahau kwao. Akicheka, anatuchezea. Akila keki, kaiba mzigo. Miezi 12 ya kubeba hatumhesabii, ila jioni moja ya kutua chini na kupumua tunamhesabia mpaka mishumaa.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alikuwa anacheza ugenini, na wageni ndo waliomtunza: Mnigeria, Mturuki, Mwindonesia na mwanafunzi wake. Walikuja usiku wa baridi na vyungu mkononi. Sisi wa kwao tulikuja na mawe.

Kwa hiyo nina maombi matatu tu, na si makubwa. Ulioandika, futa. Huna haja ya kuomba radhi hadharani, futa tu, utajisikia mwepesi. La pili, mwenye ndugu anayefundisha nje, iwe Marekani, iwe Korea, iwe China, iwe Ujerumani, mpigie. Umpigie kwa saa yake, sio kwa saa yako. Usimwombe kitu. Mwulize kala nini. La tatu, asubuhi ukipita Mchafukoge na ukiona lile benchi limeshashushwa na karai linachemka, nunua bagia. Nunua za mia tano, nunua za elfu, utakavyojaliwa. Usiulize mambo ya keki. Mwambie tu hongera mama, kwa kujifungua.

Binti, najua unasoma hapa, maana ulinitumia salamu mwaka jana. Miaka 29 si mchezo. Zile picha zirudishe.